Kanuni Mbili, Ukuta Mmoja

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hapana shaka walinena hayo kabla ya nyumba zetu kuingizwa stima, maana ndani ya ukuta wa nyumba ya kisasa fahali wawili hukaa usiku na mchana: kanuni za ujenzi na kanuni za umeme. Kanuni za ujenzi zinataka ukuta usimame. Kanuni za umeme zinataka waya uliofichwa ukutani usimuue mtu wala usiwashe moto. Malengo yote mawili ni mema, na mtu angedhani kwamba mema mawili hayawezi kugombana. Hugombana, tena sana, na aghalabu kinachoyagombanisha si jiwe wala shaba bali ni maneno.

Ndiyo maana mwalimu wa isimu anathubutu kuingia katika uwanja wa wahandisi. Kazi yangu ni matini, na kanuni ni matini kama matini nyingine: zimeandikwa na watu fulani, kwa ajili ya wasomaji fulani, kwa istilahi walizokubaliana wao kwa wao. Matini mbili zinapozungumzia kitu kimoja ilhali waandishi wake hawakuzungumza, kazi ya kuzipatanisha huachiwa msomaji wa mwisho. Msomaji huyo, katika habari hii, ni fundi mwenye patasi mkono mmoja na nyundo mkono wa pili.

Nichukue mfano wa Uingereza, kwa sababu huko ndiko zilikotoka kanuni zetu za fani zote mbili. Soketi zetu zenye matundu matatu ya mstatili ni za Kiingereza, na vitabu vya kanuni za wahandisi wa umeme wa nchi hiyo ndivyo vilivyowalea mafundi wetu wa kwanza. Kanuni zote mbili, inafaa kukumbuka, ni watoto wa moto. Jiji la London liliteketea mwaka 1666, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyotaka nyumba zijengwe upya kwa matofali au mawe. Taa za umeme zilipoanza kuingia majumbani zaidi ya karne mbili baadaye, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme kilitoa kanuni zake za kwanza mwaka 1882, na hata jina la kijitabu hicho lilitaja hatari ya moto. Watoto hao wa baba mmoja, hata hivyo, walilelewa katika nyumba tofauti. Kanuni za ujenzi zilikuwa mikononi mwa serikali na mabaraza ya miji. Kanuni za umeme zilibaki mikononi mwa chama cha wataalamu, na hata leo kitabu chao, ambacho tangu mwaka 1992 ni kiwango cha kitaifa kiitwacho BS 7671, si sheria kwa chenyewe. Ni mwaka 2005 tu, miaka 123 baada ya kijitabu kile, ambapo usalama wa umeme wa nyumbani uliingizwa rasmi katika kanuni za ujenzi za England na Wales kwa kile kinachoitwa Sehemu P.

Sasa tazama ukuta. Fundi anataka kupitisha waya, kwa hiyo anachimba mfereji ukutani, anaulaza waya, kisha anaufukia kwa plasta. Mwongozo wa kanuni za ujenzi wa England unamwambia: mfereji uliosimama wima usiwe na kina kinachozidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na mfereji unaolala usizidi sehemu moja ya sita. Sababu yake inaeleweka hata kwa asiyejua hesabu za uhandisi, kwani mfereji unaolala unaukata ukuta kiunoni, na uzito wote wa juu unabebwa na kile kilichosalia. Halafu kitabu cha umeme nacho kinakuja na maneno yake: waya uliozikwa ukutani ukiwa chini ya milimita 50 kutoka kwenye uso wa ukuta uko hatarini, kwa sababu siku moja mwenye nyumba atapigilia msumari wa kuangikia picha.

Yaani mjenzi anasema usizidi, na mtu wa umeme anasema usipungue. Ukuta wa tofali moja jembamba la Kiingereza una unene wa takriban milimita 100. Theluthi yake ni milimita 33 au 34, na sehemu ya sita haifiki hata 17. Milimita 50 zitapatikana wapi? Hazipatikani. Fundi akizitafuta ataubomoa ukuta nusu, na asipozitafuta atakuwa ameuweka waya mahali ambapo msumari utaufikia.

Wahandisi si wajinga, na suluhu wameitafuta. Kitabu cha umeme kinaruhusu waya uzikwe kwa kina kidogo ikiwa umefunikwa kwa chuma kilichounganishwa na ardhi, au ikiwa unapita katika njia ambazo mtu anaweza kuzikisia: moja kwa moja juu, chini au kando ya soketi au swichi inayoonekana, au ndani ya milimita 150 kutoka pembe ya kuta mbili au kutoka juu ya ukuta. Waya unaopita katika njia hizo, katika nyumba za kawaida, unatakiwa pia kulindwa na kifaa kinachokata umeme upesi mara mkondo unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30. Suluhu hii inanivutia kwa sababu kiini chake ni ishara. Soketi iliyo ukutani inakuwa alama inayosomwa: palipo na soketi, usipigilie msumari juu yake wala kando yake. Kanuni imeshindwa kupata kina, ikaomba msaada kwa semantiki! Lakini ishara ni ishara kwa anayeijua tu. Mwenye nyumba ambaye hajaambiwa kwamba soketi ina maana hiyo ataona soketi tu, na atapigilia picha ya arusi yake pale pale.

Jambo jingine dogo lakini si la kupuuzwa: hata neno kina halina maana moja katika matini hizi mbili. Mjenzi anapima unene wa jiwe au tofali lenyewe, maana ndilo linalobeba mzigo. Mtu wa umeme anapima kuanzia pale msumari unapoingilia, plasta ikiwamo. Wanaweza kusimama mbele ya mfereji ule ule, kila mmoja na futi yake mkononi, wakataja tarakimu mbili tofauti na wote wakawa wakweli.

Mfano wa jiko ni mtamu zaidi. Kiswahili, kama wajuavyo wanafunzi wetu, kina jiko la kupikia, jiko ambalo ni chumba, na jiko ambalo kijana hulipata siku anayooa. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa muktadha unatosha. Sheria haina bahati hiyo. Sehemu P ilipoanza kutumika mwaka 2005, kazi nyingi za umeme zilizofanywa jikoni zilitakiwa kuarifiwa kwa mamlaka ya ujenzi, ilhali kazi hiyo hiyo ikifanywa sebuleni haikuhitaji taarifa. Papo hapo likazuka swali ambalo halikuwa limewahi kumkosesha mpishi usingizi: jiko linaishia wapi? Nyumba nyingi za siku hizi hazina ukuta kati ya mahali pa kupikia na mahali pa kukaa. Mwongozo wa mwaka 2006 ulijibu kwamba jiko ni chumba au sehemu ya chumba yenye sinki na mahali pa kuandalia chakula, na kwamba, kwa makadirio tu, pasipo na ukuta jiko lihesabiwe kuanzia ukingo wa sinki hadi umbali wa mita 3, au hadi mahali pa kulia chakula iwapo pako karibu zaidi. Wakati huo huo kitabu cha umeme, ambacho kina sura nzima kuhusu bafu, hakikulihesabu jiko kuwa mahali pa hatari ya pekee. Neno moja lilikuwa na uzito wa sheria katika matini moja na halikuwa na uzito wowote katika nyingine. Mwaka 2013 England ikaliondoa jiko katika orodha hiyo. Wales haikuliondoa. Fundi anayevuka mpaka asubuhi kwenda kazini alivuka pia mpaka wa maana ya jiko.

Marekani nako hakukosi vituko. Kanuni ya kitaifa ya umeme, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1897, hurekebishwa kila miaka mitatu, na kanuni za ujenzi zinazotumiwa na majimbo mengi nazo hurekebishwa kila miaka mitatu, lakini si mwaka ule ule. Toleo la umeme la mwaka 2014 lilisema kwamba milango ya kutokea katika vyumba vyenye mitambo ya ampea 800 au zaidi iwe ya kufunguka kwa kusukumwa, ili aliyeungua mikono aweze kutoka kwa kuegemea mwili. Toleo la ujenzi la mwaka 2015 likawa bado linataja ampea 1,200. Na katika toleo la umeme la mwaka 1999, vifaa vipya vya kuzuia cheche viliamriwa kwa vyumba vya kulala, bila ya kitabu chenyewe kueleza chumba cha kulala ni kipi. Mchoraji aliyeandika kwenye ramani kwamba chumba ni cha kusomea alikuwa amepunguza gharama kwa kalamu, na kitanda kikaingia baadaye.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mabishano ya makarani. Mwezi Aprili mwaka 2010, katika jengo la ghorofa liitwalo Shirley Towers mjini Southampton, wazimamoto wawili walifariki wakipambana na moto. Nyaya zilizokuwa zimepitishwa juu ndani ya vibweta vya plastiki zilianguka plastiki ilipoyeyuka, zikawaning'inia na kuwazinga watu waliokuwa wakitambaa gizani katika moshi. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2005, huko Stevenage, wazimamoto wawili na mkazi mmoja walikuwa wamefariki katika jengo la Harrow Court, na huko nako nyaya zilizoanguka zilikuwa sehemu ya habari. Sasa jiulize: waya unaoanguka ni wa nani? Kwa mtu wa umeme, waya ule ulikuwa halali, kwa sababu ulikuwa na kihami chake, fyuzi yake na ukubwa wake. Kwa mtu wa ujenzi, dari na kuta zilikuwa halali, na waya haukuwa sehemu ya jengo. Kitu kilichotoka darini na kumnasa mtu hakikuwa na mwenyewe katika kitabu chochote. Afisa wa mahakama aliyechunguza vifo vya Southampton alipendekeza kanuni za ujenzi zirekebishwe ili nyaya zote zishikiliwe na vishikizo visivyoyeyuka, kisha akaongeza kwamba jambo hilo lingeweza kufanywa kwa kukirekebisha kitabu cha umeme. Naona katika mapendekezo hayo mtu aliyesimama mpakani akibisha milango miwili kwa pamoja. Mlango uliofunguka ni wa umeme: mwaka 2015 vishikizo vya chuma viliamriwa katika njia za kutorokea, na toleo la mwaka 2018 likaeneza amri hiyo jengo zima. Tangu Stevenage hadi hapo ni miaka 13.

Na Grenfell? Moto ule wa London wa tarehe 14 Juni 2017 ulianza katika jokofu, jikoni, katika nyumba moja ya ghorofa ya nne. Huo ni moto wa umeme, tena mdogo, wa aina ambayo wazimamoto huuzima na kurudi kituoni. Uliwaua watu 72 kwa sababu ulitokea dirishani na kulikuta jengo la ghorofa 24 limevikwa vibamba vinavyowaka. Kuanzia dirishani ulikuwa moto wa ujenzi. Waandishi wa kanuni waliugawa moto huo sura mbili. Wenyewe haukujigawa.

Hapa kwetu tuna mpaka wetu. Kwa zaidi ya nusu karne majengo ya Kenya yalitawaliwa na kanuni za mwaka 1968, zilizorithiwa kwa kiasi kikubwa kutoka Uingereza, hadi kanuni mpya za kitaifa zilipotangazwa mwaka 2024 na kuanza kutumika mwaka 2025. Umeme una sheria yake, Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, na mamlaka yake inayotoa leseni kwa mafundi na wakandarasi wa umeme. Ujenzi una mamlaka yake iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, inayoandikisha wakandarasi wa kila namna, wa umeme wakiwamo. Ramani ya nyumba hupitishwa na serikali ya kaunti. Stima huunganishwa na kampuni ya umeme baada ya kuletewa cheti cha mkandarasi. Mkandarasi mmoja wa umeme anaweza basi kujikuta na vyeti viwili kutoka kwa wakubwa wawili, na mfereji wake ukutani usiwe umetazamwa na yeyote kati yao, kwa kuwa mkaguzi wa ujenzi alikuja kabla haujachimbwa na mtu wa stima akaja ukiwa umekwisha kufukiwa.

Karibu na ninakoishi ilijengwa nyumba ya ghorofa moja ya mawe ya kuchongwa, yale ya inchi 6. Nilimkuta fundi akichimba mfereji unaolala, kutoka mlangoni hadi dirishani, kina chake kama urefu wa kidole cha kati. Nikamsalimu, nikamuuliza kama kuna kipimo cha kina anachokifuata.

"Kipimo ni paipu, Mwalimu," akanijibu. "Paipu ikizama, plasta inakaa vizuri."

"Na ukuta je, fundi?"

"Ukuta ni wa mwashi. Huyo alishalipwa akaenda."

Jibu lile lilikuwa la ukweli kabisa, na bila kujua fundi yule alikuwa ameeleza mgawanyo wa sheria zetu kwa ufasaha ambao sijausikia kwa wakili. Hakuwa mzembe. Mistari yake ilinyooka kwa timazi, na kila kisanduku cha soketi kilikuwa sawa na mwenzake. Kitu alichokikosa ni sentensi moja, na sentensi hiyo, hata akienda kuitafuta, ataikuta kwa Kiingereza cha wanasheria.

Hapo ndipo hoja hii inapoingia katika madarasa yetu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kanuni za ujenzi zilizotangazwa mwaka 2024 ni za Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha anakwenda kwenye mjengo ambako amri zote, matusi yote na maelewano yote ni kwa Kiswahili. Na wengi wa wanaoshika patasi hawakupita chuoni hata kidogo, walijifunza wakiwa wasaidizi wa fundi mkubwa, kwa macho na kwa Kiswahili. Tumewaandikia kanuni watu ambao hawatazisoma, halafu tunashangaa.

Nimesikia hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Hoja hii siikubali. Mjengo una istilahi zake tele: timazi, pima maji, mwashi, plasta, fyuzi, soketi, swichi, shoti. Neno stima lenyewe, lililotokana na neno la Kiingereza la mvuke na zamani likamaanisha meli, limekwisha kuhamia kwenye nyaya bila kuomba ruhusa ya kamati. Kinachotusumbua ni majina ya matini, si majina ya vitu. Kwa Kiingereza mtu anatofautisha sheria ya bunge, kanuni za waziri, mwongozo usiolazimisha na kiwango cha wataalamu, na ugomvi mwingi niliousimulia hapa umetokana na hawa wanne kutokuwa na nguvu sawa. Sisi tunaziita zote sheria. Na anayejaribu kuswahilisha neno la Kiingereza moja kwa moja atapata kodi, kisha amwambie mwenye nyumba kuna kodi mpya ya ujenzi, aone kama atafunguliwa lango.

Kwa hiyo nimewapa wanafunzi wangu zoezi, na walimu wa sekondari wanaweza kulitumia katika somo la rejista. Chukua kanuni moja tu, ile ya mfereji. Iandike kwanza kwa Kiswahili cha sheria, kisha kwa Kiswahili cha mjengo, uone nini kinapotea katikati. Wanafunzi wa pwani waliandika theluthi na sudusi, maneno safi yanayojulikana na kila aliyegawiwa mirathi. Wa bara waliandika sehemu moja ya tatu na sehemu moja ya sita. Mmoja, ambaye nadhani alikuwa amewahi kushika futi, aliacha hesabu za sehemu kabisa. Alichukua mwongozo ule wa England, akaugeuza kuwa vipimo vya jiwe letu la inchi 6, akaandika: mfereji wa kusimama, inchi 2, basi, mfereji wa kulala, inchi 1, basi, juu ya soketi na kando yake usipigilie msumari. Pembeni akaongeza kwamba ukuta wa matofali yenye matundu usikatwe kabla ya kumuuliza mhandisi, kwa sababu unene unaouona si unene ulio nao.